Nyumba za Kununua kwa Mkopo na Mkulima wa Msimu: Habari za Tabora

Wanachama wengi, hasa wenye watoto walioajiriwa Bara, wamefika afisini kutuuliza juu ya nyumba zinazojengwa na mashirika na kuuzwa kwa watu ambao hawajapata kuwa na nyumba yao wenyewe. Wengine wameonyeshwa karatasi yenye picha ya nyumba nzuri ya vyumba vitatu, na chini yake bei. Wakaambiwa kwamba benki italipa, nao wairudishie benki kidogo kidogo kwa miaka kumi na mitano. Swali lao ni moja: je, jambo hili lamfaa mtu anayeishi kwa mkarafuu?

Tumeona tulijibu kwa kutazama mbali kidogo, yaani Tabora. Kwa nini Tabora? Kwa sababu mkulima wa huko ni ndugu yetu katika jambo hili. Yeye ana tumbaku, sisi tuna karafuu. Yeye na sisi twapata fedha mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hatupati za kutosha. Isitoshe, Tabora si mji mgeni kwetu. Hamed bin Muhammed, ambaye watu wote wamjua kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja, na baba yake alikuwa na makazi Tabora. Fedha zilizotoka katika njia ile ya misafara ziliishia kwa sehemu kubwa katika mashamba ya mikarafuu hapa visiwani. Na Wanyamwezi walivuka bahari wakaja kupalilia mikarafuu hiyo. Basi tukizungumza juu ya Tabora hatuzungumzi juu ya nchi ya watu baki.

Zamani, msafara ulipotoka Bagamoyo ukafika Unyanyembe, watu walikuta nyumba za tembe. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857, wakapokewa na tajiri mmoja Mwarabu, Snay bin Amir. Stanley alikaa katika tembe la Kwihara mwaka 1871, na mwaka uliofuata alimwacha Livingstone pale pale akingoja wapagazi na vifaa kutoka pwani. Tembe hilo limejengwa upya na leo ni nyumba ya makumbusho. Anayelitazama huona kuta nene za udongo, dari ya miti iliyofunikwa udongo juu yake, na vyumba vilivyozunguka ua. Jambo tunalotaka mlishike ni namna lilivyokua. Mtu hakujenga tembe zima siku moja. Alianza upande mmoja, akaezeka, akahamia. Mwana alipooa wakaongeza upande wa pili. Mavuno yakiwa mema wakaufunga ua. Kila mwaka nyumba ilikuwa imekwisha, na kila mwaka ilikuwa haijaisha. Hapakuwa na deni.

Sasa tuje kwenye nyumba za mashirika.

Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo wengi hulitaja kwa herufi zake NHC, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubomoa vibanda vibovu na kujenga nyumba za bei ndogo, hasa Dar es Salaam, na nyingine zilitolewa kwa mpango wa mpangaji-mnunuzi: mtu akikaa ndani, akilipa kila mwezi, mwisho nyumba ikawa yake. Mwaka 1971 serikali ilichukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000, akawekwa Msajili wa Majumba kuyasimamia. Na mwaka 1990 kazi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika. Kwa upande wa fedha ilikuwapo Benki ya Nyumba ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973. Benki hiyo ilikopesha watu wa mijini na wa vijijini, lakini madeni mengi hayakurudi, na mwaka 1995 ilifungwa. Baada ya hapo, kwa miaka kama kumi na mitano, mtu wa kawaida hakuwa na mahali pa kwenda kukopa fedha za nyumba kwa muda mrefu.

Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2008 kwa sheria ya mikopo ya nyumba, na kwa sheria nyingine ya mwaka huo huo iliyomruhusu mtu kumiliki sehemu tu ya jengo, kama vile ghorofa moja. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, ili nazo ziweze kuwakopesha wanunuzi. Hapo ndipo Shirika likaanza kujenga kwa wingi kwa ajili ya kuuza, tena si Dar es Salaam peke yake. Katika mikoa ya magharibi na ile iliyo kandokando ya njia ya zamani, nyumba za bei nafuu zilijengwa Unyankumi huko Singida, Ilembo huko Mpanda, na Mlole mjini Kigoma, karibu na Ujiji ambako misafara ilikuwa ikiishia. Halafu ikaja Watumishi Housing, iliyoundwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii ili iwajengee watumishi wa serikali. Jina lake lenyewe latuambia mnunuzi anayetazamiwa ni nani.

Nyumba hizi zina faida, nasi hatupendi kuzidharau. Mnunuzi hupewa kiwanja kilichopimwa na hati iliyo safi. Hahangaiki na fundi anayekimbia na fedha za saruji. Anahamia katika nyumba yenye mlango, choo na maji. Kijana mwalimu au muuguzi aliyepelekwa Kigoma au Mpanda, mbali na kwao, ambaye angelipa kodi ya pango miaka yote bila kubakiwa na kitu, huyu nyumba ya namna hii yaweza kumfaa sana.

Lakini tazameni bei yake inavyoundwa. Tabora iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kwa reli, ile reli iliyofika hapo mwaka 1912. Mabati, nondo, rangi na vyombo vya choo vyote husafiri, na saruji husafiri. Kila mfuko hufika ukiwa umelipiwa njia. Tena shirika likipata shamba nje ya mji hukuta hakuna barabara, hakuna bomba, hakuna nguzo za umeme. Kazi hizo zilipasa kufanywa na wenye idara zao, lakini mara nyingi Shirika limelazimika kuzifanya lenyewe, na gharama ikaingia katika bei ya nyumba. Juu ya hayo ikawekwa kodi ya ongezeko la thamani, 18 kwa mia. Kwa miaka mingi wakubwa wa Shirika waliomba hadharani nyumba za bei ndogo zisamehewe kodi hiyo. Na ni haki, kwa kuwa nyumba ya Sh. 50,000,000 ikitozwa kodi hiyo yawa Sh. 59,000,000, na hizo milioni tisa hazijaongeza hata tofali moja.

Halafu kuna mkopo wenyewe. Hapa tunawaomba wanachama wachukue kalamu. Katika miaka ya karibuni benki zimetoza mikopo ya nyumba riba ya kati ya 15 na 19 kwa mia kwa mwaka. Tuchukue 17. Mtu akikopa Sh. 40,000,000 kwa miaka 15, atalipa kama Sh. 616,000 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 180: jumla ni karibu Sh. 111,000,000. Yaani amenunua nyumba moja na kulipa bei ya nyumba mbili na robo tatu. Na ikiwa anataka nyumba isile zaidi ya theluthi ya mapato yake, lazima apate kiasi cha Sh. 1,850,000 kila mwezi, si mwezi mmoja, bali miezi yote 180. Haishangazi basi kwamba katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, mikopo ya nyumba ya benki zote ikiwekwa pamoja ni elfu chache tu.

Na hayo ni ya mwenye mshahara. Sasa mtazameni mkulima wa tumbaku wa Urambo, Sikonge au Kaliua. Hupanda mvua zikianza, hukausha, hufunga mitumba, na chama chake cha msingi humpelekea sokoni. Akilipwa, kwanza hukatwa deni la mbolea na pembejeo. Kinachobaki hukipata kwa mara moja, na ndicho atakachokula mpaka msimu ujao. Benki inamwambia, lete Sh. 616,000 tarehe ya mwisho wa kila mwezi. Mwezi wa Januari, shamba linapodai palizi na ghala liko tupu, atazitoa wapi? Mtu huyo si maskini kuliko karani. Pengine kwa mwaka amepata zaidi ya karani. Ila fedha zake zaja kwa mwendo mwingine, na mkataba haukuandikwa kwa mwendo huo. Kwetu sisi ni hivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu mkarafuu una mwaka wake wa kuzaa sana na mwaka wake wa kupumzika, na hakuna karatasi ya benki inayoujua mwaka wa kupumzika.

Wazee wetu walikwisha kuonja jambo hili. Katika miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka, mashamba mengi Unguja na Pemba yalikuwa yamewekwa rahani kwa wakopeshaji, na mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikalazimika kuzuia kwa muda mashamba ya wadeni yasiuzwe. Hatulisemi hili kwa kumlaumu mtu. Tunalisema kwa kuwa baadhi ya wanachama wamefikiri kuweka shamba dhamana ili mtoto apate nyumba Bara. Zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa zilimwe, hazikutolewa ziuzwe, kwa hiyo benki haiwezi kuzikubali. Na lile shamba ambalo benki italikubali ndilo hasa ambalo mwenyewe hapaswi kulihatarisha kwa nyumba ambayo hataishi ndani yake. Mtoto akope kwa dhamana ya nyumba ile ile anayoinunua. Ikiwa mshahara wake hautoshi kwa hayo, basi nyumba hiyo ni kubwa kuliko yeye.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo, nayo pia tutaiona Tabora.

Katika miaka ya 1970 serikali ilikopa fedha Benki ya Dunia kwa ajili ya mpango ambao haukujenga nyumba kabisa. Ulipima viwanja, ukachora njia, ukaweka barabara na maji, halafu ukawagawia watu wajenge wenyewe kadiri ya uwezo wao. Mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kujenga ovyo, ulipitisha barabara na maji katikati yao. Awamu ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuwa Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Ya pili, ya mwaka 1977, iliongeza Tabora, Tanga, Morogoro na Iringa. Mpango ulikuwa na kasoro zake. Ada za viwanja hazikukusanywa vizuri, mikopo ya Benki ya Nyumba ilichelewa na kisha kutolipwa, na fedha zilipokwisha mpango ukaishia hapo. Wengi waliuhesabu kuwa umeshindwa.

Lakini mwaka 2021 wachunguzi wa uchumi walichapisha katika Journal of Political Economy habari za miji hiyo saba, Tabora ikiwa mmoja wao. Walikuwa wametazama mitaa ile kwa picha zilizopigwa kutoka angani, miongo kadhaa baada ya mpango kuanza. Waliona kwamba pale viwanja vilipopimwa kabla ya watu kuingia, nyumba za leo ni kubwa zaidi, zimejengwa kwa mistari, na mapaa yake ni mazuri kuliko ya ile mitaa iliyotengenezwa baada ya watu kukaa. Sehemu ya tofauti hiyo, wenyewe walieleza, yatokana na watu wenye elimu na uwezo kununua katika mitaa iliyopimwa. Kwa hiyo si kila aliyepewa kiwanja mwanzoni ndiye aliye pale leo. Hata hivyo jambo kubwa linasimama. Hakuna shirika lililowajengea. Njia zilizochorwa mwanzoni zilibaki, mipaka ilijulikana, na kila mtu alijenga mwaka aliopata.

Hili ndilo tembe kwa sura mpya. Kwa mkulima wa msimu, kiwanja kilichopimwa ni bora kuliko nyumba iliyokamilika yenye deni la miaka kumi na mitano. Kwa sababu kiwanja humngoja, na deni halimngoji. Hayo ndiyo maoni yetu.

Lakini kujenga kwa misimu nako kunataka akili, kwani wengi wetu tunakufanya vibaya. Ukipita pembeni mwa mji wowote, Tabora au Wete, utaona kuta zisizo na paa zilizosimama miaka mitano na miti imeota sebuleni. Mwenyewe alichora nyumba ya vyumba sita, akajenga msingi wa vyumba sita na kuta za vyumba sita, fedha zikaisha kabla ya bati. Kila masika mvua humla. Tofali la kuchoma huvumilia kidogo, la udongo halivumilii, na nondo zilizochomoza juu hushika kutu mpaka hazifai. Fedha aliyoitia mwaka wa kwanza si fedha tena. Afadhali mtu achore vyumba sita, na ajenge viwili: msingi, kuta, paa na mlango. Ahamie, aache pango. Msimu mwema ukija aongeze viwili. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora hufundisha tofali za kufungamana, zinazotengenezwa kwa udongo wa mahali pale na saruji kidogo, zikashindiliwa kwa mashine na kuanikwa bila kuchomwa. Hizi hupunguza saruji na hupunguza kuni, na huko Tabora ambako tumbaku yenyewe imekwisha kumaliza miti mingi, si jambo dogo.

Mashirika nayo yangeweza kutusaidia kama yangetaka. Yangeuza viwanja vyenye maji na njia, pamoja na nyumba ya vyumba viwili tu iliyochorwa tayari kwa kuongezwa. Yangepokea malipo mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno, na kuruhusu mwaka mmoja wa kupumzika katika kila mitatu au minne. Vyama vya msingi vya tumbaku hukata deni la mbolea juu ya malipo ya zao, na mkulima hulipa. Sababu ya kushindwa kukata deni la kiwanja kwa njia hiyo hiyo hatuioni. Tutayaandika haya na kuyapeleka panapohusika, na majibu tutayachapisha hapa, yakiwa mazuri au mabaya.

Wako wanachama waliotuuliza habari ya riba, kwamba hawataki kuigusa kabisa. Benki zinazofuata sharia zipo. Amana Bank ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011, na Benki ya Watu wa Zanzibar ina matawi ya namna hiyo. Katika njia moja, benki huinunua nyumba yenyewe, kisha humwuzia mtu kwa bei iliyotajwa wazi tangu mwanzo pamoja na faida yake. Hiyo bei haipandi baadaye, na hilo ni jema. Lakini nayo mara nyingi hulipwa kila mwezi, kwa hiyo tatizo la msimu liko pale pale. Nanyi mlinganishe jumla ya fedha zote zitakazotoka mfukoni, msilinganishe majina.

Neno juu ya sheria za Bara. Hati ya ardhi huko ni haki ya kukaa kwa muda uliotajwa, usiozidi miaka 99, na mwenye hati hulipa kodi ya ardhi kila mwaka. Basi mnunuzi aulize ni miaka mingapi iliyobaki, na kama kodi imelipwa. Aulize pia kama hati itakuwa kwa jina lake siku ya kwanza, au itakaa kwa jina la muuzaji mpaka deni liishe. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka nyumba ya ndoa isiwekwe rahani bila idhini ya mwenzi. Mwanamke akiletewa karatasi atie saini, asitie kwa heshima tu. Asomewe, aelewe kwamba deni lisipolipwa nyumba itauzwa naye yumo ndani.

Mwanachama au mtoto wa mwanachama aliyeletewa mkataba wa nyumba na akataka usomwe kabla ya kutia saini, aulete afisini pamoja na karatasi ya benki inayoonyesha jumla ya malipo. Tunapokea siku zote za kazi asubuhi, isipokuwa Ijumaa, ambapo afisi hufungwa saa tano. Hakuna malipo.